Flashi, diski ya nje au wingu: nakala rudufu ipi itakufaa siku ya kurejesha?

Dada yangu alinipigia simu saa nne usiku, sauti imemkauka. "Mdogo wangu, zile picha za baba hazipo." Miezi miwili kabla ya hapo kompyuta yake ilikuwa imejaa, naye akafuta folda nzima ya picha bila wasiwasi wowote, kwa kuwa alijua zote ziko kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Na kweli zilikuwepo. Lakini huduma aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya kusawazisha, yaani kinachofutwa huku hufutwa na kule. Tupio la huko lilizishika picha kwa siku 30, kisha likajisafisha lenyewe. Tulichookoa ni zile alizowahi kuwatumia ndugu kwa simu, zilizobanwa hadi sura ya marehemu baba inaonekana kama iko nyuma ya kioo chenye mvuke.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza anunue diski gani au ajiunge na huduma ipi, namrudisha nyuma kidogo. Namuuliza: siku faili lako litakapopotea, utalirudisha vipi, na litakuwa la lini? Njia zote za kuweka nakala rudufu huonekana nzuri siku ya kuweka. Tofauti zake hujitokeza siku ya kurejesha, na kwa kipimo hicho ndicho ninachozilinganisha hapa.

Kompyuta ya nyumbani hupoteza mambo kwa njia nne. Mwenyewe anafuta au anaandika juu ya faili bila kukusudia. Diski inakufa. Kompyuta inaibiwa, inaungua au inaloa maji. Au inaingiwa na programu hasidi inayofunga mafaili yote na kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, ambayo kwa siku chache tu ilikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Ya kwanza ndiyo ninayoitwa kuitatua mara nyingi kuliko zote, na ndiyo watu wanayoifikiria kidogo zaidi. Watu huogopa mwizi, kumbe kidole chao wenyewe ndicho kinachobonyeza kitufe cha kufuta.

Kunakili kwa mkono kwenye flashi

Hapa sitakaa sana. Flashi ni ya kubebea mafaili kutoka mahali hadi mahali. Ni ndogo, hupotea mfukoni, na nyingi hazikutengenezwa kwa kuandikwa kila siku miaka na miaka. Zile zilizoandaliwa kwa mfumo wa zamani wa kupanga mafaili uitwao FAT32 hazipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hivyo video ndefu itakataliwa ijapokuwa flashi ina nafasi tele, na mwenye kompyuta abaki akishangaa.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kunakili kwa mkono kunategemea kumbukumbu yako. Wiki ya kwanza utanakili kila jioni. Mwezi wa pili utanakili ukikumbuka. Siku ya msiba nakala ya mwisho itakuwa ya nusu mwaka uliopita. Isitoshe, ukinakili folda juu ya ile ya zamani unakuwa na toleo moja tu. Kama faili lilikuwa limeshaharibika jana, leo umeziharibu nakala zote mbili kwa mkono wako.

Kwa tasnifu au hati moja unayoiandika sasa hivi, flashi inasaidia kama nyongeza. Kwa kompyuta nzima, hapana.

Diski ya nje na programu iliyomo tayari kwenye kompyuta

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza kwa karibu kila mtu, na sababu yake ni nyepesi: programu unayo tayari, intaneti haihitajiki, na kurejesha ni kwa haraka. Diski ya kawaida ya USB 3 husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 200 za mafaili makubwa hurudi kwa muda unaozidi kidogo nusu saa. Mafaili madogo madogo kwa maelfu huchukua muda zaidi, lakini bado utayapata siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, programu hizi hazilingani, na tofauti zake ni za kujua mapema.

Kwenye Mac kuna Time Machine, iliyokuja na toleo la 10.5 la mfumo wake mwaka 2007. Kwa maoni yangu hakuna iliyoipita kwa urahisi. Unachomeka diski, unakubali, basi. Huweka nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, hadi diski ijae. Ikijaa, zile za zamani kabisa huondolewa kupisha mpya. Unaweza kurudi kwenye folda jinsi ilivyokuwa Jumanne ya wiki tatu zilizopita na kuchukua faili moja tu. Ukinunua Mac mpya, unaichomeka diski ileile na kila kitu kinahamia: mafaili, programu, hata mipangilio. Apple yenyewe inashauri diski yenye ukubwa mara mbili ya ile ya kompyuta. Angalizo moja: diski iliyokuwa ikitumika kwenye Windows, Time Machine itataka kuifuta kwanza. Usikubali kabla hujatazama kilichomo.

Kwenye Windows kuna File History, iliyoanza na Windows 8. Nayo hunakili kila saa usipobadilisha kitu, na huyahifadhi matoleo ya zamani daima mpaka umeiambia vingine. Wanapoumia wengi ni kwenye kile inachokichukua. Hunakili maktaba zako, yaani nyaraka, picha, muziki na video, pamoja na eneokazi na vitu vichache vingine. Folda uliyoitengeneza kwenye kizigeu cha D, yaani sehemu nyingine iliyotengwa ya diski, haimo hadi uiongeze kwenye maktaba wewe mwenyewe. Nimewahi kukaa na mwalimu aliyekuwa na File History iliyofanya kazi mwaka mzima bila kosa hata moja, lakini mitihani yake yote ilikuwa D. Programu ilitimiza kila ilichoagizwa. Hakuna aliyekuwa ameiagiza kuitazama D. Kwenye Windows 11 bado ipo, ila imesogezwa ndani ya Paneli Dhibiti, na mtu asiyeijua hawezi kuikuta kwa bahati.

Kwenye Linux, Déjà Dup inafanana nazo kwa wepesi. Inakuuliza folda gani, wapi, na mara ngapi, kila siku au kila wiki, kisha inaendelea yenyewe. Inaweza kufunga nakala kwa nenosiri, jambo ninalolipenda. Lakini kwa kawaida hairuki tupio peke yake, huiacha pia folda ya vipakuliwa. Kama wewe ni mtu wa kuacha risiti na mikataba humo ilipoangukia, iondoe kwenye orodha ya vinavyorukwa. Na usiichanganye na Timeshift. Timeshift inarudisha mfumo endeshi ulipovurugika baada ya sasisho, na kwa mipangilio yake ya mwanzo haigusi nyaraka zako kabisa.

Kwa upande wa diski yenyewe, kwa kazi hii diski ya kuzunguka inatosha na hukupa nafasi kubwa zaidi kwa fedha ileile. Ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni ya kasi na haiumii sana ikianguka, lakini ikikaa kabatini miaka bila umeme inaweza kupoteza ilichohifadhi, kwani chaji iliyomo kwenye seli zake huvuja polepole. Ile ya kuzunguka hofu yake ni kuanguka, hasa ikiwa inafanya kazi.

Sasa tuipime kwa hatari zile nne. Kufuta kwa bahati mbaya: diski ya nje inakuokoa vizuri sana, kwa sababu ya matoleo ya nyuma. Kufa kwa diski ya ndani: inakuokoa. Wizi na moto: haikuokoi kama diski inakaa kando ya kompyuta, na karibu kila ninapoingia ndipo inapokaa, au imo kwenye mkoba mmoja na kompyuta mpakato yenyewe. Programu ya kudai fidia: inakuokoa kama ilikuwa imechomolewa. Kama ilikuwa imechomekwa, nayo inafungwa pamoja na mengine, kwa kuwa programu hizo hufunga kila diski zinayoiona.

Hapo kuna mvutano wa kweli. Diski ikikaa imechomekwa daima, nakala zinajifanya zenyewe lakini ziko hatarini. Ikichomolewa, ziko salama lakini utasahau kuzifanya. Tiba niliyoiona ikifanya kazi ni diski mbili. Moja inakaa imechomekwa, nyingine inakaa nyumba nyingine, kwa mzazi au ofisini, na mnazibadilishana kila mwezi. Time Machine inazikubali diski mbili na kuzipokezanisha yenyewe. Kwenye Windows itakubidi kubadilisha diski ndani ya mipangilio, ni hatua mbili tatu tu.

Wingu la kusawazisha na wingu la nakala

Kosa la dada yangu lilizaliwa hapa, na simlaumu, maana majina yenyewe yanapotosha. Windows 11 humwomba mtu "kuhifadhi nakala" za eneokazi, nyaraka na picha zake, akakubali. Kinachofanyika ni kwamba folda hizo huingizwa ndani ya OneDrive, wingu la Microsoft, na kusawazishwa. Google Drive, iCloud na Dropbox nazo kazi yao ya msingi ni hiyohiyo: kuhakikisha kilichopo kwenye kompyuta kinafanana na kilichopo kwenye wingu. Kikiharibika huku, uharibifu unasafiri kwenda kule. Faili likifutwa, kinachobaki kukuokoa ni tupio, ambalo kwa OneDrive ya mtu binafsi na kwa Google Drive ni la siku 30.

Siku 30 ni nyingi kwa faili unaloligusa kila siku. Kwa picha za miaka kumi iliyopita, au hati unayoitafuta mara moja kwa mwaka, ni chache mno. Utagundua pengo lako mwezi wa tano.

Hata hivyo sisemi watu waache kusawazisha. Kompyuta ikiibiwa asubuhi, mchana unaweza kufungua nyaraka zako kwenye kompyuta nyingine, na diski ya nje iliyokuwa mezani haiwezi kukufanyia hivyo. Nafasi ya bure inatosha nyaraka za kawaida: Google inatoa gigabaiti 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili, OneDrive na iCloud 5, Dropbox 2. Barua, wasifu wa kazi, vyeti vilivyoskaniwa na hesabu za nyumbani vitaenea humo. Maktaba ya picha za familia haitaenea.

Huduma ya nakala ya wingu ni kitu kingine. Backblaze ndiyo inayojulikana zaidi kwa watu wa nyumbani. Programu yake hukaa kimya, hupakia mafaili yako, na huhifadhi matoleo ya nyuma. Haikuombi uchague folda, huchukua karibu kila kitu isipokuwa vitu kama mfumo endeshi na programu zilizosakinishwa. Ule uchaguzi wa folda uliomponza mwalimu wangu, hapa haupo, na hilo ndilo linalonifanya niiamini kuliko nyingi. Mpango wake wa watu binafsi ni wa Windows na Mac. Mtumiaji wa Linux atafute njia nyingine.

Udhaifu wa wingu lolote ni waya unaokuunganisha nalo. Chukua gigabaiti 200 na kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde (biti nane ndizo baiti moja). Ukipiga hesabu unapata siku tisa na zaidi, usiku na mchana, bila kukatika. Kumbuka kuwa kasi ya kupakia aghalabu ni ndogo kuliko ile ya kupakua ambayo kampuni hutangaza, kwa hiyo ipime hiyo hasa kabla ya kuamua. Na kama unalipia intaneti kwa kiasi unachotumia, nakala ya kwanza pekee inaweza kumaliza yote uliyonayo. Kwa mtu wa namna hiyo, wingu liwe la folda moja au mbili zenye thamani, na mengine yabaki kwenye diski.

Kuna jambo jingine ambalo vijarida vya matangazo haviligusi: wingu ni mali ya mtu mwingine, naye anaweza kubadilisha nia. CrashPlan ilipendwa sana majumbani. Agosti 2017 ilitangaza kuwaacha wateja wa nyumbani, na kufikia Oktoba 2018 huduma hiyo ilikuwa imefungwa. Wateja walipewa muda, lakini ilibidi waanze upya kupakia kila kitu mahali pengine. Google nayo, tangu Desemba 2023, imeanza kufuta akaunti za binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili. Mzazi akifariki na hakuna anayeingia kwenye akaunti yake, picha zake huenda na akaunti. Na Machi 10, 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH kiliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kuwa nakala zao walizozilipia zilikuwa eneo lilelile la moto.

Taswira ya diski nzima, na sanduku la diski la nyumbani

Kuna wanaoniambia wanataka kunakili kompyuta nzima, pamoja na Windows yenyewe na programu zake, ili ikifa waendelee pale walipoishia. Inawezekana. Clonezilla na Rescuezilla ni za bure, na Veeam ina toleo la bure kwa kompyuta moja moja. Lakini kwa mtu wa nyumbani naona ni mzigo kuliko faida. Windows unaweza kuisakinisha upya kwa saa chache, programu unazipakua tena. Kisichopakulika popote ni mafaili yako. Weka nguvu huko. Anayestahili taswira ni yule mwenye programu ya kazi iliyosumbua sana kusakinisha, au leseni isiyopatikana tena.

Sanduku lenye diski mbili, linalounganishwa na mtandao wa nyumbani, ni zuri kwa nyumba yenye kompyuta nne au tano na mtu mmoja anayependa kulitunza. Muuzaji akikuambia kuwa diski zake mbili zinaakisiana na hivyo una nakala rudufu, mkatalie. Kuakisi kunakulinda diski moja ikifa. Faili likifutwa, linafutwa kwenye zote mbili kwa wakati uleule.

Ningechagua nini

Mpigapicha Peter Krogh alieneza kanuni inayokumbukwa kwa tarakimu: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikiwa mbali. Ukihesabu faili lenyewe kama la kwanza, unahitaji mbili tu zaidi. Kwa nyumba hilo si jambo kubwa.

Mwenye kompyuta moja, nyaraka za kawaida na intaneti ya wastani, ningemwambia: diski ya nje yenye programu iliyomo kwenye mfumo, pamoja na folda ya nyaraka kwenye wingu la bure. Diski inampa matoleo ya nyuma, wingu linampa umbali. Kila moja inaziba tundu la mwenzake.

Mwenye maktaba kubwa ya picha na intaneti isiyobana, achukue huduma ya nakala ya wingu na diski moja ya nje. Asiache diski kwa sababu ana wingu, kwani kupakua terabaiti nzima kunachosha hata kwa kasi nzuri.

Mwenye intaneti ya kusuasua, diski mbili za kubadilishana. Hii ndiyo niliyomwekea dada yangu hatimaye. Moja iko kwake, nyingine iko kwangu. Akija kutusalimu anakuja nayo, anaondoka na ile nyingine.

Diski ya kukaa nyumba nyingine ifungwe kwa nenosiri. Time Machine inakuuliza tu kama unataka kufanya hivyo, ukubali. Kwenye Windows, BitLocker hufanya kazi hiyo kwa matoleo ya Pro. Wenye toleo la Home wanaweza kutumia VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Nenosiri liandike kwenye karatasi na ulitunze panapotunzwa hati za nyumba, wala si ndani ya kompyuta ileile unayoilinda. Nenosiri la diski iliyofungwa likipotea, hakuna fundi atakayekufungulia, na usimlipe anayesema ataweza.

Halafu jaribu kurejesha, kabla hujahitaji. Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao, alifuta data kwenye seva ambayo hakuikusudia. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala na kunakilisha data, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mtu aliifanya kwa mkono. Hao ni watu wa taaluma hiyo.

Jaribio la nyumbani ni dogo. Chagua picha moja ya zamani na hati moja ya wiki iliyopita. Irejeshe kila moja kutoka kwenye diski na kutoka kwenye wingu, uiweke kwenye folda mpya ili usiandike juu ya ile halisi, kisha uifungue. Usiridhike na kuona jina lake kwenye orodha, fungua uitazame. Ukiweza, fanya hivyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwa sababu siku ya kweli yako huenda haipo. Bandika karatasi kwenye diski, uandike tarehe ya jaribio. Dada yangu ameandika tatu sasa, moja chini ya nyingine, kwa kalamu nyekundu.